Diski ya Marehemu Donatus

Fundi Akida alikuwa mtu wa redio. Redio za betri, redio za umeme, santuri za wazee waliokwisha kusahau hata nyimbo walizokuwa wakizicheza, vyote vilipita mikononi mwake katika kibanda chake nyuma ya soko la Shinyanga, na vingine, wenye navyo watakuambia, havikutoka tena. Kwa hiyo Scolastika alipomwendea asubuhi moja ya mwaka 1988 na kumwambia ana kompyuta nyumbani na haiwaki, Akida hakusema hajui. Hakuwa mtu wa kusema hajui. Aliuliza tu kama kitu hicho kinakula betri ngapi.

"Hakili betri, fundi. Kinatumia umeme wa ukutani."

"Hapo umenirahisishia kazi, mama Esta," Akida akasema, akaanza kukusanya bisibisi zake.

Mama Esta. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mwanamke akishaitwa kwa jina la mwanawe hubaki nalo, hata mtoto akiondoka duniani. Esta alikuwa amefariki tangu Desemba ya mwaka 1985, akiwa na miaka minne, na kila aliyemsalimu Scolastika njiani alimtonesha kidonda bila kujua. Yeye aliitika tu. Angefanyaje?

Waliongozana hadi Ngokolo, kwenye chumba alichobaki nacho baada ya kufiwa na mume. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitenge. Scolastika alisimama mbele yake kidogo kabla ya kukifunua. Miezi kumi na mmoja, tangu siku alipojaribu kuiwasha ikakataa, kitenge hicho hakikuwa kimeondolewa, na si kwa sababu alikuwa hana nafasi. Alikuwa anaogopa.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwaka ule wa 1985, kuelekea Krismasi, Scolastika alipanga kupeleka mchele Geita, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, ambako wachimbaji wakipata hawaulizi bei. Mume wake, Donatus, alimwambia aende peke yake, mtoto abaki. Scolastika akaona mtoto wa miaka minne atakaa na nani mchana kutwa, akamchukua. Huko machimboni Esta akapata homa, kisha vipele, kisha macho yakawa mekundu. Wanawake wenzake pale kambini walimwambia hiyo ni surua, amkimbize hospitali. Zilikuwa zimebaki gunia mbili. Scolastika akasema amalizie kwanza zile gunia mbili, ndipo aondoke. Siku mbili. Siku ya tatu alipanda lori na mtoto mgongoni, na kabla hawajafika Geita mjini mtoto akawa mzito kwa namna ambayo mama yeyote akishaihisi haisahau.

Donatus alikuja kuwachukua. Alimbeba mwanawe mwenyewe, hakumwachia mtu. Hakumuuliza mke wake kitu. Hakumpiga, hakumfukuza, hakumtukana, na Scolastika alikuwa amejiandaa kwa yote hayo. Walirudi Shinyanga, wakazika, na maisha yakaendelea. Donatus alimsalimu mkewe asubuhi, alikula alichopikiwa, alimletea sabuni na mafuta ya taa. Jina la Esta hakulitaja tena mbele yake hata siku moja. Miaka karibu miwili mwanamke akaishi na mume mpole, akimtazama usoni kila siku na kujiuliza kama ndani ya upole ule kuna chuki. Kuna ndoa za ngumi ambazo mtu angezichagua kuliko ile.

Kazi ya Donatus ilikuwa ukarani katika mradi wa visima. Wafadhili walipofunga mradi na kuondoka, walimwachia kompyuta moja yenye kasoro iwe zawadi ya kuagana. Watu walimcheka. Kompyuta? Si bora wangekuachia pikipiki? Lakini Donatus, ambaye mdomo wake ulikuwa mzito, vidole vyake vilikuwa vyepesi. Kila alasiri umeme ukiwepo aliketi mbele ya mashine ile akigonga vitufe, mgongo kwa mke wake. Scolastika hakuuliza anaandika nini. Nyumbani humo watu walikuwa wameacha kuulizana.

Kisha Septemba ya mwaka uliopita Donatus alirudi na maumivu ya kichwa, shingo ikakakamaa, na siku ya tatu hospitalini madaktari wakasema ni homa ya uti wa mgongo na wamechelewa. Adhuhuri ya siku hiyo alifungua macho na kumshika mke wake mkono.

"Nimekuandikia, Scola," akasema. "Habari za Esta. Nilishindwa kukuambia kwa mdomo. Imo kwenye kompyuta. Usome."

Hakusema tena.

Sasa mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Baada ya misa ya mwaka Scolastika angevua nguo nyeusi, na watu wangetarajia aanze maisha upya. Aliona hawezi kuivua bila kujua. Kama Donatus ameandika kwamba amemsamehe, sawa. Kama ameandika kwamba yeye ndiye aliyemuua mtoto, sawa pia. Afadhali aambiwe na mwenyewe. Kuliko kutojua, alikuwa tayari kwa lolote, au ndivyo alivyojiambia.

"Haya," Akida akasema, akakunja mikono ya shati. "Mgonjwa ana nini? Hazungumzi kabisa au anazungumza ovyo?"

"Hazungumzi kabisa."

Akida akabonyeza swichi. Kimya. Akachukua taa ya mezani, akaijaribu kwenye soketi ile ile, ikawaka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kumbe umeme ulikuwa unafika ukutani, tatizo lilikuwa linaanzia hapo kuja huku. Akafungua plagi, akatoa fyuzi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imeungua, nyeusi tii. Katika kikopo chake cha Kimbo alikuwa na fyuzi za kila aina, akachagua, akaifunga.

"Hiyo ndogo," akasema. "Mtu mwingine angekutoza kwa hiyo peke yake na kukuambia injini imekufa."

Alipobonyeza tena, taa nyekundu ikawaka na feni ikaanza kuvuma, ikawatemea vumbi la mwaka mzima usoni. Kisha mashine ikalia: mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Kioo kikabaki cheusi. Akida akazima, akawasha. Ikalia vile vile.

"Inalalamika," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na heshima. "Redio haziniambii kinachoziuma. Hii inaniambia, ila mimi sijui lugha yake."

Akafungua mfuniko. Ndani kulikuwa na vumbi, utando wa buibui, na kwenye kona moja nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo na kuhama. Akida akaiondoa kwa bisibisi, akapangusa kwa brashi ya rangi, akaanza kuchomoa vibao vilivyosimama ndani, kimoja kimoja, akikariri kwa sauti kipi kimetoka wapi. Kibao kilichoungwa na waya wa kioo kilikuwa na kingo za shaba zilizofifia, zimeota ukungu wa kijani.

"Una raba ya penseli?"

Scolastika akafungua droo ya Donatus. Raba ilikuwepo, kipande, na kwenye kona yake moja kulikuwa na alama za meno madogo. Alikumbuka siku Esta alipoing'ata, na jinsi Donatus alivyocheka. Akampa fundi raba akageukia dirishani, akajifanya anatazama mbuzi wa jirani.

Akida alisugua shaba mpaka ikang'aa, akarudisha vibao, akakaza, akawasha. Mlio mmoja tu, mfupi. Kioo kikapata rangi ya kijani taratibu, tarakimu zikaanza kuhesabu juu kwenye kona, moyo wa Scolastika ukawa unazifuata, na zilipokoma kuhesabu ikatokea sentensi ya Kiingereza. Kisha basi. Kishale kidogo kikawa kinapepesa chini yake, kinasubiri.

"Imeamka!" Akida akasema. "Inasemaje?"

Scolastika alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa masista, Kiingereza chake hakikuwa kibaya. Akaisoma mara mbili. "Inataka diski. Inasema tuweke diski, halafu tubonyeze kitufe chochote."

"Diski ndiyo nini?"

Akamweleza: kitu cheusi cha mraba, bapa, kinachokaa kwenye bahasha, Donatus alikuwa anakichomeka hapo mdomoni. Midomo ilikuwa miwili, ila mmoja ulikuwa umekufa tangu wakati wa mradi. Ndani ya droo kulikuwa na tatu. Akachomeka ya kwanza, akageuza kifungio, akabonyeza. Mashine ikakoroma, ikarudia sentensi ile ile. Ya pili, vile vile. Ya tatu akaichomeka, na mashine ikamjibu kwa maneno yale yale bila kuongeza wala kupunguza.

"Fundi," akasema, "humu ndani kuna barua. Ya marehemu. Ameniandikia mimi. Lazima itoke."

Akida, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefunga mdomo, akaweka bisibisi chini. Akaichukua ile diski ya tatu akaigeuzageuza. Katikati ya mraba kulikuwa na tundu la duara, na pembeni mwanya mdogo ambao ulionyesha kitu cha kahawia kinachong'aa. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Mama Esta," akasema polepole, "hii rangi naijua. Ni rangi ya utepe wa kaseti. Sasa nisikilize, mimi si msomi. Redio ya kaseti ukiifungua ndani hutamkuta mwimbaji. Yumo kwenye kaseti. Redio ni ya kumsikilizia tu. Naona na hii ni hivyo. Hizi tatu ni kaseti tupu. Barua yako haimo kwenye mashine. Imo kwenye diski aliyokuwa akiitumia, na mashine haiwezi hata kuamka mpaka ipate hiyo hiyo. Iko wapi?"

Scolastika akakaa kitandani. Alijua iko wapi.

Ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Ndugu wa Donatus walikuwa wamekusanyika hapo hapo chumbani kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo ada, kila mtu apate cha kumkumbukia. Baiskeli ilikwenda kwa baba mdogo. Redio, koti na viatu vilikwenda kwa kaka na binamu. Mama mzazi, bibi Mageni, alikuwa amekaa mkekani hajataka chochote, mpaka kaka mkubwa akamuuliza, na wewe mama? Bibi akanyoosha kidole kwenye kompyuta. Si mashine. Alitaka kile kitu cheusi kilichobaki mdomoni mwake. Kila alipokuja mjini kumtembelea mwanawe alimwona akikitoa kwenye bahasha kwa ncha za vidole, akikipuliza, akimkemea kila aliyekisogelea. Kitu ambacho mwanawe alikishika kwa adabu vile, ndicho alichokitaka.

Kaka mkubwa akamgeukia mjane, kwa kuwa ni vyombo vya nyumbani kwake. Scolastika alikuwa amejifunika khanga kichwani. Imo kwenye kompyuta, Donatus alikuwa amemwambia, na kompyuta ilikuwa pale pale mezani, hakuna aliyeigusa.

"Mpeni mama," alikuwa amesema.

Alimweleza Akida. Akida akazima mashine, akaifunika kitenge kwa uangalifu, akakataa malipo.

"Mzee wa kijijini atakuwa amekiweka sandukuni," akasema. "Nenda kakichukue. Kisikae juani, kisilowe. Ukirudi nacho, uniite, hata kama niko msikitini."

Kesho yake Scolastika alipanda basi la Mhunze, akashuka, akatembea mwendo wa saa mbili kwenda kwa wakwe zake. Ilikuwa Agosti. Nchi ya Kishapu ilikuwa imekauka, mashina ya pamba yamesimama shambani bila majani, na ng'ombe walikuwa wanatimua vumbi linaloonekana toka mbali. Njiani alikuwa anaomba, lakini hakujua aombe nini. Alianza kuomba barua iwe ya msamaha, akaona anamfundisha marehemu cha kuandika, akaacha. Akaomba tu diski iwe salama.

Bibi Mageni alikuwa uani, ndani ya ua wa minyaa, amekaa kwenye gunia akichambua pamba, safi huku, chafu kule. Alipomwona mkwewe aliinuka kwa shida, akampokea mfuko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko mjini hamli?"

Hakuulizwa kilichomleta. Mgeni haulizwi akiwa na njaa. Akaletewa maji, akaletewa ugali wa mtama na mlenda, akala huku bibi akimhesabia tonge kwa macho. Ndipo bibi akarudi kwenye pamba yake na kusema, "Haya, nieleze."

"Nimefuata kile kitu cheusi cha Donatus, mama. Kile ulichokichukua siku ya kugawa. Mashine yake imekataa kuamka. Fundi anasema inakitaka hicho."

Uso wa bibi ukachangamka, kama mtu aliyekuwa anasubiri kwa muda mrefu aulizwe. Akaingiza mkono kifuani, ndani ya gauni, akavuta kamba ya ngozi ya mbuzi. Mwisho wa kamba kulikuwa na duara kubwa jembamba, la weupe wa maji maji, linapitisha mwanga. Katikati lilikuwa na tundu, na kamba ilikuwa imepita kwenye tundu hilo pamoja na shanga mbili za buluu. Lilikuwa linang'aa kwa samli.

"Hiki hapa," akasema.

Scolastika alilitazama bila kuelewa. Alichokuwa anakitafuta kilikuwa cheusi na cha mraba.

"Kile cheusi kilikuwa ganda tu," bibi akaeleza. "Mimi nilikitunza hivyo hivyo, chini ya mto. Siku moja nikakipapasa nikaona ndani kuna kitu kinazunguka. Nikalichana ganda kwa kisu. Mayu, mama wee, nikakuta hiki. Cha duara, kina tundu. Nililia siku ile. Unajua wewe, kwetu hapa kila aliyetangulia ana duara lake. Yale meupe ya ganda la baharini, walikuja nayo babu zetu waliokwenda pwani na misafara. Mtu akifa, wa kwake analivaa, ili asipotee. La baba yake Donatus liko kwa yule kaka yake mkubwa. La Donatus halikuwepo. Siku hizi hayapatikani, hata kwa fedha. Nilikuwa najiuliza mwanangu nitamkumbuka na nini. Kumbe mwenyewe alishajitengenezea lake, akalificha kwenye ganda, nilione wakati ukifika."

Alilipangusa kwa kidole gumba, taratibu.

"Ila lilikuwa na rangi mbaya. Kahawia, kama kitu kilichoungua. La wahenga linatakiwa liwe jeupe. Nikalisugua kwa majivu na mchanga laini, pande zote mbili. Siku tatu, mwanangu. Tazama vidole. Mpaka ile kahawia yote ikatoka. Sasa kila asubuhi nalipaka samli, namwambia habari za nyumbani."

Rangi ile ndiyo iliyokuwa barua. Scolastika hakuhitaji fundi wa kumwambia. Utepe wa kaseti ukifutika rangi yake hauimbi, hata mtoto anajua. Kila alichokiandika Donatus kwa alasiri zote zile, mgongo kwa mke wake, kilikuwa kimeoshwa na majivu ya jikoni, kikamwagwa hapa uani, na kuku wakakikanyaga. Na aliyesema mpeni mama ni yeye. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumlaumu.  Alitaka kupiga yowe, alitaka kumnyang'anya kikongwe kile kitu na kumwambia, unajua ulichofanya? Mdomo ulimfunguka.

Bibi Mageni alikuwa ameshaivua kamba shingoni.

"Chukua," akasema.

"Mama?"

"Umesema mashine yake haiamki bila hiki. Mimi sikujua. Nilidhani ni cha kukaa nacho tu. Kama nimeilaza kazi ya mwanangu mwaka mzima, basi chukua ukaiamshe. Mimi nitakaa hivi hivi."

Alikuwa amekinyoosha kwa mikono miwili, kama mtu anavyotoa kitu cha thamani. Shingoni mwake kamba ilikuwa imeacha alama kwa kuvaliwa usiku na mchana. Scolastika aliitazama ile alama. Mwanamke huyu naye alikuwa amezika mtoto. Angemwambia kwamba amemfuta mwanawe kwa mikono yake mwenyewe?

Akalipokea lile duara. Lilikuwa jepesi, halina uzito hata kidogo. Akaliinua kwenye mwanga, na kupitia humo akauona ua wa minyaa na anga, safi kabisa. Hapakuwa na hata alama ya neno. Kisha akapiga magoti, akamvalisha bibi, akaliingiza tena ndani ya gauni.

"Kaa nalo, mama. Fundi atapata lingine. Yako mengi dukani."

"Kweli?"

"Kweli."

"Na humu hakuwa ameacha kitu?"

"Hapana, mama," Scolastika akasema. "Lilikuwa la kuwashia tu."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mama mkwe, na ulimtoka bila kukwama. Bibi akashusha pumzi kwa nguvu, akaweka kiganja kifuani juu ya lile duara, akacheka kidogo kwa aibu, kwa kuwa alikuwa ameogopa na hakutaka ionekane. Akasogeza kapu la pamba katikati yao. Wakachambua pamoja.

"Mama," Scolastika akasema, macho kwenye pamba. "Ukimwambia habari za nyumbani, huwa anakujibu?"

"Mara nyingine. Si kwa sauti. Jambo linanijia moyoni, najua ni yeye, kwa sababu mimi nisingeliwaza."

"Naomba umuulize kitu. Umuulize kama ana kinyongo na mimi. Kwa ajili ya Esta."

Bibi akaacha kuchambua. "Kinyongo cha nini? Mtoto aliugua surua. Watoto wangapi wamekwenda na surua."

Ndipo Scolastika akasema. Hakuwahi kulisema kwa mtu, hata kwa padri alilizunguka. Akasema Donatus alimkataza asiende na mtoto, naye akaenda naye. Akasema aliambiwa ni surua, naye akabaki siku mbili, kwa ajili ya gunia mbili za mchele. Akasema anakumbuka mpaka mtu wa mwisho aliyenunua, mchimbaji mmoja mwenye matope hadi kwenye nyusi, aliyemwomba amwongezee kikombe, naye akasimama kubishana na mtu huyo, mtoto amelala nyuma yake kwenye gunia tupu. Alisema yote, machozi yakimtoka na kamasi, wala hakujifuta.

Bibi Mageni hakusema pole. Hakusema si kosa lako. Alimtazama mkwewe kwa muda mrefu sana, na Esta alikuwa mjukuu wake, aliyepewa jina la dada yake. Kisha akatoa lile duara kifuani, akalishika kwa viganja viwili karibu na midomo, akaanza kuzungumza nalo kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, sauti ya mama anayemwamsha mwanawe asiyetaka kuamka. Alimtaja Esta. Alimtaja Scolastika kwa jina lake, akarudia swali lake lilivyo, neno kwa neno, hakulipunguza makali.

Akanyamaza, akafumba macho. Scolastika naye hakuthubutu kusogea. Kuku walikuwa wanakwaruza pembeni. Jua lilikuwa limefika kwenye miguu yao na likapita, na bibi bado alikuwa amefumba macho, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza kwa nguvu zake zote.

Alipofumbua, yalikuwa yamejaa maji.

"Siwezi kukudanganya, mwanangu," akasema. "Amenyamaza."

Scolastika akatikisa kichwa kuitikia. Akamshukuru kwa Kisukuma, wabeja, kama inavyompasa mtu aliyesaidiwa, akarudisha mikono yake kwenye pamba.